Hiraeth ni neno la msiba kwanza

Siku hizi neno hiraeth la Kiwelisi, lugha ya Wales, linauzwa kwenye vikombe na fulana, na maelezo yake ni yaleyale: hamu ya nyumbani usikoweza kurudi, pengine ambako hakujawahi kuwepo. Wanaolieleza hivyo wana hoja. Mwelisi aliye mbali na kwao hushikwa na hiraeth kweli.

Lakini msikilize aliyefiwa. Husema "Mae gen i hiraeth ar ôl Mam", nina hiraeth baada ya Mama. Hilo "ar ôl" ndilo linalonigusa. Kila siku maana yake ni "baada ya" tu, ila ukilifumua, ôl ni alama iliyoachwa, kama ya unyayo. Huzuni imekaa juu ya nyayo za marehemu. Hapo hakuna nchi ya kufikirika, kuna mama aliyekuwepo jana. Hata Geiriadur Prifysgol Cymru, kamusi kuu ya lugha hiyo, huanza na majonzi ya kumlilia aliyeondoka. Hamu ya nyumbani hufuata.

Kuhusu asili, wapo wanaolikata kuwa hir, "-refu", na aeth, "uchungu". Inapendeza, ila sikubaliani. Hiyo -aeth ni kiambishi cha kuunda nomino, kama u- yetu inavyotoa urefu kwenye -refu. Kiayalandi cha kale kina sírecht, hamu iliyoundwa vilevile kutoka sír, "-a muda mrefu". Uchungu haukutajwa kabisa. Umetajwa urefu wake.

Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi 538,300 nchini Wales, yaani 17.8%. Miaka kumi nyuma walikuwa 19%. Takwimu hii hainitoki kichwani. Hukohuko kwao, hawafiki mmoja kati ya watano! Basi wengi wanaolipenda neno hili hawajawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mfiwa, na maana iliyosafiri ni ile nyepesi kubeba. Eti halitafsiriki, lakini mwenye kujua majonzi na ukiwa hayuko mbali nalo.

Maana zote mbili zilikutana Capel Celyn, kijiji cha Wales kilichozamishwa pamoja na bonde lake mwaka 1965 ili jiji la Liverpool, Uingereza, lipate maji. Nyumba, shule, kanisa na makaburi vyote vilikwenda. Familia chache zilifukua wafu wao na kuwazika kwingine. Waliobaki wako chini ya ziwa hadi leo, na jamaa zao wana hiraeth ya mahali na ya watu kwa pumzi moja.