Lubumbashi Kama Dubai, kwa Hisani ya Kuku

Bwana aliyetupa kazi alikuwa na agizo moja tu: "Nataka Lubumbashi, lakini ikae kama Dubai." Anauza vyumba katika jumba la ghorofa ambalo wakati huo lilikuwa na ghorofa mbili na nondo zilizochomoza juu, na tangazo lake lilihitaji sekunde 40 za mji ukitoka mchana kuingia usiku. Alishaziona zile taimulapsi kwenye simu, picha zinazopigwa moja moja kwa muda mrefu kisha zikakimbizwa kama video: ukungu wa asubuhi unatiririka chini ya Burj Khalifa, mita 828 zimesimama wima, mawingu yanakimbizana, magari yamegeuka nyuzi nyekundu na nyeupe. Nani asiyezipenda? Utamu wake wote uko hapo: jengo halisogei hata unywele, na vingine vyote vina haraka.

Maana yake ni kwamba kamera nayo isisogee hata unywele. Dubai hilo ni jambo rahisi.

Tulipanda kwenye terasi ya nyumba anamokaa mama mkubwa, katikati ya mji, juu ya ghorofa ya nne. Pale unaona barabara zilizonyooka zilivyopimwa na Wabelgiji mji ulipoanzishwa 1910, mabati, matangi ya maji, na kwa mbali shemine, lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na terili yake, ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Burj Khalifa hatuna, ila shemine ni ndefu, inatambulika na kila mtu, na haiendi popote. Taimulapsi ya mji isiyo na kitu cha namna hiyo ni mawingu matupu. Dakika ya kwanza unasifu, ya pili unapiga miayo.

Tulichagua Novemba kwa makusudi. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, anga la huku ni chai ya maziwa: vumbi jekundu, moshi wa makala, yaani mkaa, moshi wa nyasi zinazochomwa. Jua linapotea kabla halijafika chini. Na vumbi likishaingia kwenye kihisi cha kamera, ukifunga tundu la lenzi hadi f/11, yaani dogo, unapata madoa angani, yameganda mahali pamoja huku mawingu yakiyapita. Mvua ya mchana ikishanyesha, hewa imeoshwa na mawingu ya jioni yanaumuka yenyewe bila kuombwa.

Hesabu ilikuwa hivi. Video inakwenda fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 40 ni fremu 1,000. Picha moja kila sekunde 6, ni dakika 100. Novemba jua linazama karibu saa kumi na mbili na dakika kumi, basi tunaanza saa kumi na moja na dakika ishirini na kumaliza saa moja kamili. Wenzetu wa London mwezi wa sita wanapewa zaidi ya dakika 40 za ule mwanga wa samawati baada ya jua kuzama. Sisi tunapewa 20 na kitu, halafu giza limekaa. Ukikosa, umekosa.

Kamera iliwekwa kwa adabu zote. Fokasi kwa mkono, halafu isiguswe tena. Kituliza-mtikisiko cha lenzi kikazimwa, kwa sababu juu ya tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, kinatafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza chenyewe. Rangi ya mwanga ikafungwa kwenye kelvin 5000, karibu na rangi ya mchana, isije kamera ikabadili mawazo katikati ya machweo. Tundu la lenzi tuliliacha wazi lote, f/4, maana ukilibana, vile visu vyake havirudi mahali palepale kila picha. Tofauti haionekani kwenye picha moja, lakini zikikimbizwa 25 kwa sekunde anga zima linapepesa. Muda wa shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, tuliiachia kamera ichague yenyewe, mwanga unavyoshuka, ili mtu awe huru kwenda kushughulika na binadamu.

Ikabaki tripodi. Ilikuwa ya alumini, nyepesi, na upepo wa kabla ya mvua hauheshimu alumini. Chini ya nguzo ya kati kuna kindoano: unaning'iniza kilo 5, na mzigo uguse sakafu kidogo, kwa sababu ukibembea ni afadhali usingekuwepo. Mchanga ulikuwa kule anakojenga bwana wetu, mbali. Jikoni kwa mama mkubwa kulikuwa na mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 5, haujafunguliwa. Unga ni kizito kizuri sana: hauchezi ndani ya mfuko wala hauvuji.

Binadamu wa kushughulikiwa alikuwa sentineli, mlinzi wa nyumba. Jenereta ya nyumba hiyo imefungwa hukohuko kwenye terasi, karibu na mlango wa ngazi, isije ikaibwa. Umeme ukikatika jioni, na hukatika, sentineli anapanda kuiwasha, na sakafu yote inatetemeka. Kwa hiyo fremu zikiendelea kujipiga, nilikuwa chini getini nikimbembeleza.

"Papa, leo ukichelewa nusu saa tu kuiwasha, utakuwa umenisaidia."

"Shefu, umeme ikienda, ba-lokateri batapigia makelele miye, hapana weye."

Ba-lokateri ni wapangaji. Tulielewana kwa dakika kumi na soda moja.

Ila saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, katika nyumba yoyote ya Lubumbashi yenye watu wazima, maji ya bukari, yaani ugali, yako jikoni yanatokota. Mama mkubwa alitafuta unga wake, akaambiwa na watoto uko juu, unaning'inia. Akapanda. Aliuona umefungwa chini ya kamera, akaelewa mara moja kwamba pale panahitajika kitu kizito, na kwa kuwa ni mtu wa haki, hakuuchukua bure. Aliniambia baadaye, bila hata kuacha kusonga: "Nalikuwekea kuku pa nafasi yake. Kilo ni kilo, mutoto wangu."

Kuku alikuwa wa Jumapili, mzima, miguu imefungwa kamba. Kamba ikaingia kwenye kindoano, kichwa chini.

Kama kizito cha tripodi, kuku ana matatizo. Uzito wake haufiki hata nusu ya kilo 5. Hagusi sakafu, kwa hiyo anabembea. Tena ana maoni yake. Lakini ana sifa moja ambayo mchanga hauna, nayo inaonekana wazi kwenye fremu.

Fremu ya 598 ni nzuri: anga la zambarau, taa za kwanza, shemine wima. Ya 599, 600 na 601 ni uso wa mama mkubwa, karibu kabisa, kilemba na kijasho cha jikoni. Fremu tatu ni sehemu ya nane hivi ya sekunde. Ukitazama video unahisi tu kwamba mji umekukaripia. Kwenye 602 mji umeinama upande, maana mguu mmoja wa tripodi umesukumwa, na pia umehama wima, kwa sababu nguzo ya kati iliyokuwa ikivutwa na unga imepumua. Kutoka hapo shemine ya Gécamines, ambayo sifa yake ilikuwa kutokwenda popote, inacheza rumba kushoto kulia kwa sekunde tatu nzima.

Halafu inatulia. Kuku akiingiliwa na giza hulala, hata kichwa kikiwa chini. Karibu na fremu ya 680 ndege yule alikuwa mfuko wa mchanga mzuri kabisa, na kama mambo yangeishia hapo ningemwandikia barua ya shukrani.

Umeme ukakatika. Kwenye fremu mji unazimika mtaa kwa mtaa, na kamera, iliyoambiwa ichague shata yenyewe, inaona giza na kurefusha: sekunde 2, 4, 8. Mambo mawili yanatokea. Anga linarudi kuwa jeupe, mchana wa ajabu juu ya mji mweusi. Na kwa kuwa picha ya sekunde 8 haiwezi kupigwa kila sekunde 6, kamera inaruka zamu, inatoa fremu moja badala ya mbili, kwa hiyo mwendo wa mji unakuwa mara dufu. Ndani ya huo mchana wa uongo jenereta za watu zinaanza kuwaka, duka hili, hoteli ile, nukta moja, tatu, kumi, mpaka barabara zinajichora upya kwa taa. Dubai haina kitu hicho.

Dakika kumi za sentineli zikaisha. Jenereta yetu ikanguruma, taa ya terasi ikawaka, kuku akajua kumekucha.

Zilizofuata hazikuokoka. Picha iliyohama inatengenezeka: kamera ilikuwa inapiga upana wa pikseli 6,000 na tangazo linahitaji 1,920, kwa hiyo nafasi ya kukata ipo. Unashikilia nukta mbili zisizosogea, ncha ya shemine na pembe ya tangi la jirani, programu inainyoosha kila fremu kuzifuata. Nyuso tatu zinafutwa, pengo linazibwa. Lakini ukungu ulioingia ndani ya picha yenyewe, shata ikiwa wazi huku sakafu ikitetemeka, hauna dawa. Kila taa imekuwa kimnyoo. Ukiwa na jenereta jirani, weka vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu, ushushe nguzo ya kati mpaka chini, na hata hivyo usitegemee sana.

Bwana alitazama sekunde zilizosalia bila kusema neno. Akarudisha pale umeme unapokatika. Akarudisha tena. Akaagiza nyingine kwa ajili ya ufunguzi wa jumba lake, ileile, ila safari hii umeme ukatike mapema kidogo, saa kumi na mbili na dakika ishirini, anga likiwa bado na rangi. Tukamjibu kwamba ratiba hiyo haiko mikononi mwetu, na kuku keshaliwa Jumapili, kwa bukari.