Kujitolea ng'ambo si mambo ya wazungu peke yao

Jumapili tulikuwa mezani, bukari, ugali wetu, bado ya moto, mdogo wangu akatutangazia kwamba amekubaliwa: anaenda Madagaska kama mkunga, katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wanaojitolea. Baba mdogo akamtazama, akasema: "Mama, kujitolea ni mambo ya wazungu. Wewe unatafuta njia ya kukimbia." Mtoto wa watu akanyamaza. Mimi siwezi.

Mpango huo ulianzishwa mwaka 1970, makao yake yako Bonn, Ujerumani, na wengi wanaotumikia humo leo wanatoka nchi kama yetu.

Halafu, sisi Lushois, watu wa Lubumbashi, tumesahau upesi hivi? Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru bila daktari hata mmoja Mkongomani. Wabelgiji walipoondoka kwa wingi, shule na hospitali zikabaki bila watu. Umoja wa Mataifa ukatafuta walimu na madaktari huku na kule, na kati ya waliokuja walikuwamo Wahaiti, watu weusi kama sisi, waliovuka bahari kuja kufundisha wazazi wetu. Ndiyo, wengine walikuwa wanaukimbia udikteta wa Duvalier kwao Haiti. Je, hilo lilipunguza nini katika somo lao? Watoto walisoma, wakapata diploma, wakatuzaa na kutusomesha.

Tena anayetaka kukimbia hachagui njia ndefu namna hii. Pasipoti, diploma za kuthibitishwa, cheti cha kutokuwa na kesi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wakubwa wa kazi wa kumshuhudia. Kisha mahojiano kwa intaneti, umeme ukikatika katikati ya jibu. Kisha kimya, miezi na miezi. Yeye kila asubuhi aliamka akaenda kazini.

Na kazi gani! Hapo ndipo moyo unaniuma. Miaka yote hii amezalisha wanawake wa mtaa wetu bila matrikule, ile namba ya mtumishi wa serikali, bila mshahara wa serikali, akiambulia malipo ya prime kidogo pale inapopatikana. Usiku wa mvua ametembea kwa miguu hadi materinite, wodi ya wazazi. Katika familia nzima hakuna aliyemuuliza kwa nini anatoa nguvu zake bure. Huko aendako atapata posho ya kuishi na bima ya afya, ndipo tunaona neno la kusema?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wakunga hawatoshi hapa kwetu, na kuna mama atakayemtafuta asimuone. Deni hilo si lake. Ni la walioacha faili yake ilale ofisini.

Ninyi mlio katika idara za afya, majina ya watoto aliowapokea yamo katika rejista za materinite, fungueni msome. Mkataba wake utakwisha na atarudi. Litengenezeni jambo la matrikule yake sasa, kabla hajashuka tena Luano, uwanja wetu wa ndege.