Kina Ali Khamis Wangapi Ofisini Kwenu?

Ofisi ikitaka daftari la wafanyakazi la mtandaoni, kikao cha kwanza huishia kwenye rangi ya ukurasa na picha ya mkurugenzi ikae wapi. Kanzidata, yaani hifadhi yenyewe ya data, huachiwa kijana wa TEHAMA, naye huchukua kiolezo cha kigeni chenye visanduku viwili: jina la kwanza na jina la ukoo. Kazi imeshaharibika hapo, na data bado haijapakiwa.

Jina la Mzanzibari ni lake, la baba na la babu. Bi Asha akiolewa habadili kitu. Ukimpanga Asha Juma Khamis kwenye herufi K umempanga kwa babu yake, na jengo zima hakuna atakayemtafuta huko. Weka kolamu tatu za jina, upange kwa jina lake mwenyewe. Maalim, Bi na Dkt. zipewe kolamu yao, ama sivyo walimu wote wa skuli watajazana kwenye M.

Na kwa kuwa kina Ali Khamis Ali hawana mwisho, jina lisiwe ndiyo utambulisho. Ufunguo mkuu, yaani kolamu inayomtofautisha kila mtu, uwe nambari ya ajira, na kolamu yake isikubali kurudiwa. Msitumie nambari ya ZanID. Daftari husomwa na kila mtu. Kitambulisho cha mtu hakitundikwi mtandaoni.

Simu ndizo zinazoumiza zaidi. Andika 0777 na tarakimu zake sita kwenye Excel, sifuri ya mbele inapotea, kwa sababu programu imeiona ni hesabu. Hilo lina dawa: ukikuta tarakimu tisa, rudisha sifuri. Balaa ni kwa aliyeandika kwa kuanzia 255. Tarakimu zikifika 12, Excel huonyesha 2.55777E+11, na ukihifadhi kama CSV, yaani maandishi matupu yenye kolamu zilizotenganishwa kwa koma, faili linachukua kile kinachoonekana, si kile kilichomo. Watu kadhaa wanatoka na simu moja, na tarakimu zilizokatwa hazirudi mpaka upate faili la asili. Kwa hiyo kolamu ya simu igeuzwe kuwa maandishi kabla ya kujazwa chochote, na ndani ya kanzidata pia iwe maandishi. Simu za mezani za 024 zina mkasa huohuo wa sifuri. Nambari ya ndani ya ofisi itengewe kolamu yake.

Kisha kuna ritifaa ya Ng'ambo, ile alama ya juu baada ya g. Anayeunga kwa mkono amri za SQL, lugha ya kuiagiza kanzidata, akizungushia kila neno alama hiyohiyo, ataona amri inakatika katikati ya Ng'ambo, kwani kanzidata inadhani maneno yameishia hapo. Tumia chombo cha kupakia CSV, au amri zenye vigezo, ambazo maneno hupelekwa kando na amri yenyewe. Na hata ikipita, Word ina tabia ya kuipinda ritifaa: mtafutaji anaandika iliyonyooka, kwenye jedwali imo iliyopinda, jibu linakuja kwamba hayupo. Nyoosha zote kabla ya kupakia.

Mpangilio wa kupakia wenyewe si mgumu. Faili lote liingie kwanza kwenye jedwali la muda ambalo kila kolamu ni maandishi, usafishe hapo. Vituo, idara na vyeo vitangulie, wafanyakazi wafuate. Kolamu ya msimamizi iachwe tupu mara ya kwanza na ijazwe duru ya pili, maana huwezi kumwelekeza mtu kwa bosi ambaye bado hajaingia. Yote yafanyike kwenye muamala mmoja, yaani mstari mmoja ukikataa yote irudi nyuma; jedwali lililoingia nusu ni tabu kulisafisha kuliko tupu. Majaribio yafanywe kwa mistari 20, tena ile mibaya: mwenye simu mbili, asiye na cheo, mwenye koma ndani ya cheo kama "Mkuu wa Divisheni, Mipango".

Kituo kisiandikwe kwa mkono, kichaguliwe kwenye orodha. Ukiwaachia watu uhuru, Chake Chake, Chakechake na Chake tu vitakuwa vituo vitatu, na ofisi ya Pemba itaonekana ina matawi isiyoyajua.

Kuna wanaotaka na majina ya watu yasawazishwe vivyo hivyo, kina Mohammed, Mohamed na Muhammad wote waandikwe namna moja. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Jina libaki kama lilivyo kwenye vyeti vya mwenyewe. Tengeneza kolamu ya siri ya utafutaji yenye tahajia zote, Khamis na Hamis pamoja, mashine ndiyo ihangaike.

Ukimaliza kupakia, hesabu watu kwa kila kituo, umpelekee kila mkuu wa kituo orodha yake aisome jina kwa jina. Idadi ikilingana usiridhike bado: aliyehamishwa kutoka Mkoani, Pemba, kuja Mwanakwerekwe, Unguja, anaweza kuwa bado amekaa Mkoani, na nafasi yake huku imeshikwa na aliyestaafu.