Kumshuhudia mtu asiyeweza kuondoka

Mwezi ukiwa mpevu, mwalo wa Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, hupoa. Dagaa hawafuati taa kwenye mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi hulala ufukweni, wavuvi hushona nyavu, na kina mama wanaoanika hupata nafasi ya kukaa na kuongea. Mazungumzo yakianzia bei ya mawese, hayakawii kufika kwa Mungu. Mduara huohuo una Mkatoliki wa Kasulu, mlokole wa Mwanga, Mwislamu wa Ujiji, na wakati mwingine wawili kati yao ni ndugu wa tumbo moja. Je, Mkristo aliyekaa pale aseme habari za Yesu, au aishi vizuri na wenzake na kuacha matendo yake yaseme?

Wanaoshauri kunyamaza wasidhaniwe kuwa ni waoga. Kigoma ukoo mmoja unaweza kuwa na shehe na katekista, na msiba ukitokea wote hukaa kwenye jamvi moja. Sahani ya Idd inavuka ua, ya Krismasi inarudi. Tena wapo wanaokumbuka mihadhara ya hadharani iliyoshika kasi miaka ya 1980, watu wakifungua Biblia na Kurani ili kumwaibisha mwenzao mbele ya umati. Aliyeshindwa kwenye mhadhara hakuwa ameongoka, alikuwa ameumizwa tu. Mtu aliyeyaona hayo akisema "dini tuiache nyumbani", anasema jambo lenye uzito.

Hata hivyo sikubaliani naye. Msikilize Mwislamu wa Ujiji akiongea mambo yake ya kawaida. Akipona anasema alhamdulillahi, akipanga safari ya Kasulu anasema inshallah, akipatwa na msiba anakiri kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Imani yake imo ndani ya kila sentensi na hakuna anayekwazika. Kwa nini basi Mkristo aone kwamba kumtaja Bwana wake ni uchokozi? Rafiki yangu akijua deni langu, ugonjwa wa mwanangu na timu ninayoshabikia, lakini asijue kinachonishika nisianguke, nimempa nusu yangu tu. Na Paulo anawauliza Warumi watu watamsikiaje Kristo pasipo mhubiri. Matendo mema peke yake hayajitafsiri. Jirani anaweza kuona nimekuwa mwema na akadhani nimelelewa vizuri tu.

Kwangu ugumu hauko kwenye kusema au kutosema. Uko kwa yule anayesikiliza: je, anaweza kukataa bila kupoteza kitu?

Nilijifunza hili vibaya. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumtazama jirani aliyelazwa, mama wa Kiislamu tuliyechota maji pamoja tangu ujana. Sikumuuliza. Nilimshika mkono nikaomba kwa jina la Yesu, kwa sauti, wodi nzima ikisikia, nikaongeza na maneno ya kumwita aokoke. Aliitikia "amina" kwa sauti ndogo sana. Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu. Alipopona alinikaribisha kwa heshima ileile, lakini hakunitumia tena habari akiugua. Ile amina ilikuwa ya mtu aliyelala kitandani na dripu mkononi. Angesema nini kingine?

Tangu hapo nawaona wengi wasioweza kunyanyuka na kuondoka. Abiria aliyebanwa dirishani kwenye treni ya kutoka Tabora, na Kaliua haijafika. Dada wa kazi anayehubiriwa na mwajiri wake. Mwenye deni dukani. Mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, iliyopo tangu 1996, akisimama kwenye foleni ya mgao huku anayemhudumia akimgusia habari za kanisa. Katiba yetu, ibara ya 19, inasema kutangaza dini ni huru, na papo hapo inasema ni jambo la hiari ya mtu. Wengi wetu tunashika neno la kwanza na kulisahau la pili.

Lakini kuna mtu mmoja anayenifanya nisijiamini mno na kipimo hiki. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walipofika Ujiji mwaka 1879, walikuta biashara ya watumwa, nao wakawa wakikomboa watoto kwa fedha na kuwalea katika imani. Mtoto aliyekombolewa angewezaje kumwambia aliyemkomboa kwamba hataki? Kwa kipimo changu, hayo ni makosa. Naye Adrien Atiman alipitia njia hiyohiyo: alitekwa utotoni upande wa Timbuktu, akakombolewa Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini kwetu kwenye Ziwa Tanganyika hilihili. Alitibu watu na kufundisha dini pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Imani iliyomfikia akiwa hana pa kwenda aliishika miaka yote hiyo akiwa mtu mzima. Siwezi kusema haikuwa yake.

Ninachoona ni kwamba Mungu anaweza kulima hata palipolimwa vibaya. Hiyo hainipi mimi ruhusa ya kulima vibaya. Petro anapowaagiza Wakristo wawe tayari kueleza tumaini lao, anasema wamjibu anayewauliza, na wajibu kwa upole. Agizo linaanzia kwenye swali la mtu mwingine. Hata Yesu pale kisimani Samaria alianza kwa kuomba maji, akajiweka yeye kuwa mhitaji, na yule mama alikuwa huru kumnyima. Wahubiri wetu wa mtu kwa mtu hulisoma tukio hilo mara nyingi, ila wanakimbilia maji ya uzima na kuruka lile ombi.

Mwaka jana mnunuzi mmoja alichukua dagaa wangu wa msimu mzima akatokomea na fedha. Baadaye alirudi akiwa na shida, nikampa chakula. Mama mmoja wa Ujiji tunayeanika naye alinitazama siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu, tukigeuza dagaa, akaniuliza, "Mwenzangu, umewezaje? Mimi nimeshindwa kumsamehe mdogo wangu mwaka wa nne huu." Nikamweleza, na jina la Yesu nikalitaja, kwa sababu bila hilo ningekuwa nimemdanganya. Naye akanisimulia habari ya mdogo wake yote, mpaka jua likatuchoma tukahamia kivulini.