Miaka 90 ya kupanga inatosha

Mei 25, 2025, Simba ilicheza mechi yake kubwa kuliko zote tangu 1993: marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Kwa Mkapa, uwanja wa serikali jijini Dar es Salaam ambao Simba hucheza kama mpangaji, wanaingia watu 60,000 na siku ile tungeujaza. Lakini nyasi hazikuwa katika hali nzuri, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likaukataa uwanja, mechi ikapelekwa Amaan, Zanzibar, ambako wanaingia kama robo tu ya hao.

Niliitazama kibanda umiza, banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio. Tulibanana kwenye mabenchi, jasho linatutoka, na mwenye banda amesimama mlangoni anapokea buku buku. Nilimtazama sana yule kijana. Mlango ni wake, na kila kinacholipwa pale ni chake. Simba iliyoanzishwa 1936 haina mlango wa namna hiyo, yaani uwanja wake wa kuchezea mechi na kukusanya viingilio. Yanga ya 1935 nayo haina. Tena Yanga, yenye mashabiki kila kona ya nchi, imewahi kuwa mpangaji wa Azam FC kwenye uwanja wao wa Chamazi!

Najua nitaambiwa kuna hela ya televisheni. Ipo, na nashukuru ipo. Mkataba wa Azam Media na shirikisho la soka nchini (TFF) wa 2021 ni wa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, na kwa timu ndogo fedha hiyo ndiyo inayoleta mishahara na nauli ya basi. Lakini haki hizo zinauzwa kwa pamoja, bei imeshafungwa, na mgawo una wenyewe wengi. Shabiki akiongezeka leo, klabu haipandishi mgao wake kesho.

Uwanja ni habari nyingine. Leo nikikata tiketi, inatoka kodi ya VAT, unatoka mgawo wa uwanja, inatoka ya wasimamizi wa soka, ndipo klabu ifikiwe. Maji, vinywaji, mabango, maegesho, hata ukumbi wa kufanyia mkutano siku isiyo na mechi, vyote ni riziki ya mwenye uwanja. Arsenal ya England walipotoka uwanja wao wa zamani wa Highbury kwenda Emirates mwaka 2006, mapato ya siku ya mechi yalipanda karibu maradufu msimu wa kwanza tu. Walilipia, sikatai. Deni liliwabana miaka mingi na nyota wakauzwa. Ila deni lile lilikuwa la nyumba yao.

Wala sisemi tujenge Mkapa nyingine. Mechi nyingi za ligi pale huchezwa viti vikiwa vitupu. Viti 25,000 vinatosha, vijengwe jukwaa moja moja kadiri fedha zinavyopatikana, na derby ya Kariakoo, ya Simba na Yanga, iendelee kuchezwa kwa Mkapa. Kwenye mkutano mkuu ujao wa wanachama, kabla hatujaulizana nani anasajiliwa, viongozi watuambie kiwanja kiko wapi, hati ina jina la nani, na jukwaa la kwanza linaanza lini.