Jeni 54 zilizozimwa, na panya wakaendelea kuzaa

Mwaka 2016 watafiti wa Japani na Marekani, akiwemo Masahito Ikawa wa Chuo Kikuu cha Osaka, walitangaza kwamba wamezima jeni 54 za panya, moja baada ya nyingine. Zote hufanya kazi hasa kwenye korodani, na binadamu pia anazo. Hata hivyo, madume waliokosa mojawapo ya jeni hizo waliendelea kuzalisha. Wapo wanaoona kazi kama hiyo ni hasara: panya wameuawa, fedha zimetumika, na jibu ni “haihitajiki”.

Hoja ya gharama ina uzito, lakini hebu tumfikirie anayetafuta kidonge cha uzazi wa mpango kwa wanaume. Anachagua protini ya korodani, anaanza kusaka dawa ya kuizuia. Ikiwa dume asiye na protini hiyo kabisa bado anapata watoto, dawa itazuia nini? Miaka ya kazi itapotea, na panya wengine watakufa kwa swali lililokwishajibiwa, kwa sababu tu aliyelijibu alifungia matokeo kabatini. Hasara kubwa iko hapo. Ni kweli kwamba jeni kama IZUMO1, iliyoelezwa mwaka 2005, ndizo zinazosisimua: mbegu za dume aliyeikosa huogelea vizuri, hupenya ganda la yai, hufika kwenye utando wake, kisha hushindwa kuungana nalo. Lakini bila orodha ya zisizohitajika, tutajuaje pa kutafuta nyingine?

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi dhidi ya kutangaza matokeo ya “haihitajiki” linahusu akrosini, kimeng'enya kilichodhaniwa ndicho kinachoifungulia mbegu njia ya kuingia kwenye yai. Mwaka 1994 panya waliokikosa walizaa. Mwaka 2020 madume wa hamsta, mnyama mdogo anayefanana na panya, waliokikosa wakawa tasa. Mbegu zao zilikwama kwenye ganda. Kumbe “haihitajiki” ilikuwa kweli kwa panya tu. Tena dume wa maabara hukaa na majike bila mpinzani, hivyo udhaifu mdogo wa mbegu zake hauonekani, na jeni pacha huweza kuziba pengo.

Hayo yote yanadai matokeo yaandikwe kwa ukamilifu zaidi: dume aliwekwa na majike wangapi, kwa muda gani, watoto wangapi walizaliwa kila uzao, na jeni zipi zinazofanana na iliyozimwa zilibaki zikifanya kazi. Mwenye kutengeneza dawa ataamua mwenyewe kama ajaribu kwa hamsta kwanza.