Makofi ya Dola 35

Jumanne iliyopita tulikuwa na mkutano wa mwaka wa chama chetu cha wenye nyumba hapa Marekani, kile ambacho ukinunua nyumba kwenye mtaa wake unakuwa mwanachama na kukilipa ada kila mwezi. Tuko nyumba 48, safu sita, na ukuta wangu wa kushoto ndio ukuta wa kulia wa jirani. Walikuja watu 19, ambao kwa chama chetu ni umati. Ajenda ya nne: bodi inapendekeza ada ipande kutoka dola 240 hadi 275 kwa mwezi, na nyongeza yote iingie kwenye akiba ya matengenezo makubwa.

Bwana mmoja wa safu ya mwisho akasimama. Akajipapasa mifuko kwanza, kama mtu anayeonyesha kwamba ameshaibiwa. "Dola 35 zaidi! Kila mwezi! Za kukatia majani?"

Makofi yakapigwa hadi mtoto wa mtu akaamka. Mwenyekiti wetu, mtu mpole kupita kiasi, akakunja karatasi yake akasema bodi italitazama upya jambo hilo. Ajenda ya tano ilikuwa mbwa wanaokojolea maua. Hiyo tuliijadili dakika arobaini.

Tangu siku hiyo nina hasira, na mume wangu amechoka kunisikiliza, kwa hiyo leo ni zamu yenu.

Mnaoishi hapa Marekani kwenye hizi nyumba za safu mnajua ilivyo kueleza mambo haya nyumbani. Siku niliyokabidhiwa funguo nilimpigia mama. Akanipongeza, akanishukuria Mungu, akasema, "Sasa mwanangu umepumzika na pango." Nikaanza kumhesabia: mkopo wa benki, kodi ya mali, bima, halafu ada ya chama. Akanyamaza. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo nyumba umenunua, na bado kuna mtu unamlipa ili ukae ndani?" Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nililipata baada ya masika mawili ya huku, na nililipata kwa njia ya bili.

Bili yenyewe ilikuwa ya paa. Nilikuwa nimeishi pale miezi 20 tu barua ilipoingia: mapaa yote 48 yamefika mwisho wa uhai wake, mkandarasi anataka zaidi ya dola laki tatu, akibani kuna fedha za kununulia ndoo, na kwa hiyo kila nyumba itoe mchango maalumu wa dola 6,400 ndani ya siku 90. Niliisoma nimesimama jikoni na koti bado mwilini.

Sasa nifuateni hapa, maana ndipo penye hoja yangu. Mapaa yale yalikuwa na miaka 24. Vigae vya lami havizeeki kwa siri. Fundi yeyote atakwambia ni miaka 20, 25, ukibahatika zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba siku msumari wa kwanza ulipopigwa, tarehe ya bili ilikuwa imeshajulikana takriban. Gawa 6,400 kwa miezi 288. Unapata dola 22 na senti kidogo. Dola 22 kwa mwezi tangu mwanzo, na barua ile isingeandikwa kabisa. Najua, bei hupanda na fedha iliyowekwa huzaa riba, msinirukie. Hesabu ya haki ina mikia mingi zaidi. Lakini ukubwa wa jambo ni huo.

Aliyeniuzia aliishi pale miaka 11. Mvua zote zile zilinyeshea paa na yeye akalala mkavu chini yake. Sehemu yake ya haki ilikuwa kama dola 2,900. Yangu, ya miezi 20, haifiki hata dola 450. Yeye alilipa sifuri, mimi nikalipa 6,400. Na kwenye tangazo lake la kuuza nyumba kulikuwa na maneno mawili ambayo mimi, kwa ujinga wangu, niliyapenda kuliko picha za jiko: "ada nafuu."

Rahisi ghali, walisema wazee. Wangeongeza tu kwamba anayekula rahisi na anayelipa ghali si lazima wawe mtu mmoja.

Hicho ndicho kinachonichoma kuhusu makofi ya Jumanne. Watu wanadhani ada ya chini ni ushindi dhidi ya bodi. Bodi ni majirani zetu watano wasiolipwa hata soda. Ada ikizuiwa isipande, paa haliachi kuchakaa kwa heshima ya kura zetu. Deni linabaki palepale, linakua, linamsubiri atakayekuwa amekosa kiti siku muziki unapozimwa. Na wenye kupiga makofi kwa nguvu ni wale wanaojua kwamba siku hiyo wao hawatakuwepo. Nisiwe na dhana mbaya? Sawa. Jumamosi, siku nne baada ya mkutano, kibao cha kuuza kimesimikwa mbele ya nyumba ya bwana wa safu ya mwisho. Nimeingia kusoma tangazo. Nadhani mnajua limeandika nini kuhusu ada.

Na hizo "za kukatia majani" nazo. Majani ndiyo kitu chepesi kwenye bajeti. Yanatajwa kwa sababu mashine yake ina kelele. Kwetu fedha kubwa inakwenda kwenye bima ya jumla, inayobeba kuta za nje na paa, huku wewe ukikata yako ya ndani. Kisha theluji, takataka, taa za njia, rangi na mbao za nje, bwawa la maji ya mvua ambalo kila mtu anadhani ni la mapambo hadi litakapoziba, kampuni inayotushikia vitabu vya hesabu, na mwanasheria wa kuwafuatilia wasiolipa. Bwawa la kuogelea sisi hatuna, alhamdulillahi.

Lakini usichukue orodha yangu ukaifanya yako. Kila chama kina waraka wake wa masharti, na nyumba mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na majibu tofauti. Rafiki yangu anakaa safu nyingine, mji wa jirani. Mvua ya mawe ilipotoboa paa lake alikipigia simu chama akiwa na amani kabisa ya moyo. Akaambiwa, mama, soma ukurasa fulani: paa ni la mwenye nyumba, sisi tunashughulika na bustani. Alikuwa amelipa ada miaka minne bila kuufungua waraka ule. Dalali hakuusoma, yeye hakuusoma, na mimi ninayewahubiria niliusoma wa kwangu baada ya barua ya paa.

Barabara nayo nisiisahau, maana inaniudhi kivyake. Barabara ya ndani kwetu ni mali ya chama. Halmashauri haiweki lami, haiondoi theluji, haibadilishi taa. Kodi ya mali nadaiwa kamili kama mtu wa barabara kuu, kisha nachanga tena kwa ajili ya barabara ninayoikanyaga. Mjenzi na halmashauri walikubaliana zamani, kabla yetu, na wote wawili wakatoka na faida. Ada ya kwanza iliwekwa na huyohuyo mjenzi. Alikuwa na nyumba 48 za kuuza. Mnategemea angeiweka ya ukweli?

Wapo watakaoniambia ninatia chumvi, ni paa tu, hakuna aliyekufa. Basi niwarudishe Surfside, Florida, usiku wa tarehe 24 Juni 2021. Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12, liliporomoka watu wamelala. Walikufa 98. Lile lilikuwa kondo, yaani jengo moja ambamo kila mtu anamiliki fleti yake, na sisi tunaishi kwenye vibanda vya ghorofa mbili, najua tofauti. Wala sisemi bajeti ndiyo iliyovunja nguzo. Hiyo ni kazi ya wahandisi. Ninachosema ni hiki: ripoti ya mhandisi ilikuwa mikononi mwa chama tangu 2018, ikieleza uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea. Makadirio ya kwanza yalikuwa kama dola milioni 9. Mwaka 2019 wajumbe wengi wa bodi walijiuzulu, huku wenye nyumba wakivutana juu ya gharama. Kufikia Aprili 2021 bili ilikuwa milioni 15, na mchango maalumu ulianzia dola 80,000 hivi kwa nyumba ndogo, ukapanda hadi zaidi ya 330,000. Malipo yalikuwa yaanze tarehe 1 Julai. Jengo lilianguka wiki moja kabla.

Nikifika hapo kwenye maelezo yangu huwa ninashusha sauti, hata nikiwa ninaandika.

Kabla ya hapo sheria ya Florida iliwaruhusu wenye kondo kupiga kura ya kutoweka akiba kamili. Kura! Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na kwa majengo ya kondo ya ghorofa tatu na kuendelea, akiba ya sehemu zinazobeba jengo ikakatazwa kupigiwa kura ikaondolewa kwenye bajeti za kupitishwa baada ya mwisho wa 2024. Ada zikaruka. Wazee wa pensheni wakalia, na kilio chao ni cha kweli, maana wanalipa kwa mkupuo starehe ya waliowatangulia. California inavitaka vyama vifanye ukaguzi wa akiba angalau kila miaka mitatu na kuwatumia wanachama muhtasari wake. Kuijaza akiba yenyewe, hapo mnaachiwa hiari yenu. Yaani unapewa karatasi rasmi inayokueleza umeliwa kiasi gani.

Shuleni tuliimbishwa usipoziba ufa utajenga ukuta mpaka tukaichoka. Sikujua nitakuja kuikuta Marekani ikiwa na jedwali, kila ufa na mwaka wake.

Haya, na nyie mnaovichukia vyama hivi niwape chenu, maana hamjakosea sana. Ndiyo, hutuma barua kwa sababu pipa la taka limekaa nje saa mbili zaidi. Mimi nilipata ya zulia nililoanika kwenye uzio siku ya Idi, na sijasamehe. Ndiyo, katika majimbo mengi chama kinaweza kuiuza nyumba yako kwa deni la ada, jambo ambalo mimi naliona ni ukatili hata pale mdaiwa anapokuwa msumbufu. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya California iliamua chama kina haki ya kumkataza mama mmoja kuishi na paka wake watatu, ambao walikuwa wakikaa ndani tu. Bunge la jimbo likaja baadaye kuruhusu walau mnyama mmoja. Na hayo masharti ya hati za nyumba yana historia chafu: hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoyakatalia nguvu ya sheria mwaka 1948, mengine yalitumika waziwazi kumzuia mtu wa rangi yangu asinunue. Sijasahau hilo ninapotia saini hundi.

Lakini angalieni ajabu yetu. Barua ya pipa la taka inatukusanya ukumbini kwa hasira. Karatasi ya akiba, iliyoandikwa kwa lugha nyepesi kwamba tuna robo tu ya tunachohitaji, ilitumwa kwa kila nyumba mwezi wa tatu. Niliwauliza majirani kumi kama wameisoma. Wawili. Mmoja wao ni mwenyekiti.

Kinachofuata kwenye jedwali letu ni lami ya barabara, kisha mbao za nje za safu ya kwanza hadi ya tatu. Miaka imeandikwa. Fedha haipo, na Jumanne tumepiga makofi kuhakikisha haitakuwepo.

Wale mnaotafuta nyumba sasa: dalali akisifu ada, ombeni ripoti ya akiba na kumbukumbu za mikutano ya miaka miwili. Mkisikia "bado zinaandaliwa," ondokeni na viatu mkononi. Na kumbukeni benki huihesabu ada kwenye uwezo wenu wa kukopa, lakini mchango maalumu wa mwaka kesho haiwezi kuuhesabu, wala hautawaonea huruma.

Jana jioni nimejaza fomu ya kugombea uweka hazina. Hakuna mpinzani, na hilo nalo linasema jambo. Nikampigia mama kumweleza: nitakuwa ndani ya bodi, nitapigania ada ipande, hata kama bwana wa safu ya mwisho ataniita mwizi akiwa anafunga mizigo yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nielewe vizuri," akasema. "Mwanzo ulikuwa unalipa pango la nyumba yako. Sasa unataka ujipandishie mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na watakulipa kwa kazi hiyo?"

"Hapana."

Akaniuliza kama ninakula vizuri huku.